Siku Nilipokoroma kwenye Spika ya Msikiti

Aibu za watu wengine hukaa ndani ya nyumba, akajua mke, labda na jirani wa mlango wa pili, basi. Yangu mimi ilitoka kwenye spika ya msikiti, ikapita vichochoro vya Mji Mkongwe mmoja baada ya mwengine, na waliokosa kuisikia wakaletewa kwenye simu zao siku ile ile. Kwa hiyo sioni faida ya kuificha tena. Nakuhadithieni kama ilivyokuwa, na mkitaka kucheka chekeni, maana hata mimi mwanzo wake huwa naucheka, ni mwisho ndio unaonishinda.

Jina langu Nassor, lakini kazini kwangu Malindi, kwenye ghala la kupokelea mizigo ya meli, naitwa Jenereta, na jina hilo nimelipata kwa haki kabisa. Nakoroma tangu ujana. Tena si kukoroma tu: mke wangu Sharifa anasema nilikuwa nikipiga ngurumo kadhaa halafu kimya, kimya cha kutisha, pumzi imekatika, yeye amekaa kitandani ananitazama kifua hakiendi, mpaka anitikise ndipo nishtuke kama mtu aliyetolewa majini, nivute hewa kwa nguvu, nigeuke upande wa pili, nianze tena. Mchana nalala popote. Nimelala juu ya mizani ya mizigo, nimelala kwa kinyozi povu likiwa usoni, nimelala msibani (msibani angalau watu hudhani umezidiwa na huzuni). Siku niliposinzia juu ya Vespa nikaingiza gurudumu la mbele kwenye meza ya muuza urojo, Sharifa akasema imetosha, akanivusha Dar kwa daktari wa mambo ya usingizi, nikenda kama mtoto anayepelekwa kutiwa jandoni.

Na alikuwa na sababu ya kutotaka mzaha. Kaka yangu Khalfan alikuwa akikoroma hivi hivi, tukimcheka hivi hivi, na asubuhi moja hakuamka. Kiharusi, wakasema, kimemkuta usingizini. Aliacha binti mmoja, Ilham, ndiye aliyemkuta, alipokwenda kumwamsha baba yake kwa chai. Mama yake baadae akarudi kwao Makunduchi, na Ilham akabaki kwetu kwa ajili ya skuli, akakua mikononi mwetu, akaniita Ami tangu hajaweza kulitamka neno lenyewe sawasawa.

Daktari yule, mwanamke mpole lakini asiyepepesa maneno, alinilaza na nyaya kichwani na kifuani, asubuhi akaniambia, "Mzee wangu, wewe hulali. Wewe unakabwa usiku kucha." Akanieleza kuwa koo langu linajiziba nikilala, na kila pumzi inapokatika hewa hupungua kwenye damu, mwili unashtuka, moyo unakwenda mbio, presha inaruka, halafu inatulia kidogo, halafu tena, na kipigo chote hicho kinaishia kwenye mishipa ya damu, kwenye ule utando laini wa ndani unaoifanya itanuke na kunywea inavyotakiwa. Ukipigwa hivyo miaka na miaka, mishipa inakakamaa. Akaniuliza kama nimeshaona mpira wa kumwagilia maji ulioachwa juani. Nikamwambia ninao nyumbani, ukiukunja unapasuka. Akasema, "Basi huko ndiko unakoelekea."

Nikarudi Unguja na mashine. Kijisanduku kama redio ndogo, mpira mrefu, na barakoa ya kuvaa puani inayokusukumia hewa usiku mzima ili koo lisizibe. Siku ya kwanza Sharifa alicheka mpaka akakaa chini, akasema amelala na tembo. Lakini wallahi baada ya muda nikawa mtu. Nikaamka bila kichwa kuuma. Nikasikiliza hotuba ya Ijumaa mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza tangu sijui lini, nikagundua kumbe huwa nzuri. Presha ikashuka, na niliporudi kupimwa Daktari akaniambia mishipa inaonyesha kupata nafuu, inatanuka vizuri kuliko ilivyokuwa. Akaniwekea na onyo: "Hii haiponyeshi, inakulinda wakati umeivaa tu. Ukiiacha, hazipiti siku nyingi, unarudi ulikotoka." Nikasema nimefahamu. Na nilifahamu kweli, hilo ndilo linaloniumiza.

Sasa ikaja posa ya Ilham. Kijana mwenyewe, Mundhir, hana tatizo, mtulivu, mwalimu wa hesabu, nilimpenda. Lakini mnajua kwetu, kabla ya kutoa mke na kupokea mke watu wanapeleleza, na bibi mmoja wa upande wao aliniuliza mbele ya watu wote, kahawa mkononi, "Na marehemu kaka yako, hivyo alikuwa na maradhi gani?" Nikajibu, "Siku zake zilifika tu, Bi mkubwa." Akauliza, "Na nyinyi mliobaki?" Nikajibu, "Sisi wazima, alhamdulillahi." Mashine ilikuwa chumbani, ukuta mmoja tu baina yake na yule bibi. Nikaona nimejibu kwa busara sana.

Basi wiki ya harusi ikafika na nyumba ikajaa. Jamaa kutoka Makunduchi, watu wazima wa kike wakapewa vyumba, changu kikiwemo, na sisi wanaume tukatandikiwa mikeka na magodoro ukumbini, kama inavyokuwa kila harusi. Hilo peke yake ningelistahamili. Lakini mimi, kwa ukarimu wa kujitia, niliwaalika wajomba wawili wa Mundhir waliotoka Pemba waje walale kwetu badala ya kuhangaika, na godoro lao likatandikwa ubavuni mwangu. Sharifa akanifuata jikoni na mashine ndani ya mfuko wake.

"Chomeka hii ulale."

"Mbele ya wajomba zake Mundhir? Wakaseme nini?"

"Waseme una mashine."

"Watasema ukoo huu wanaume wake wanafia vitandani. Bi mkubwa yule nilimwambia sisi wazima. Wakighairi je?"

Sharifa akanitazama. "Kwa hivyo Nassor unaona haya kuonekana unapumua?"

Nikamwambia siku chache tu, harusi ikipita nairudia. Nikaifungia kabatini, chini ya mashuka ya akiba, na ufunguo nikautia mfukoni mwangu mwenyewe. Nilijiambia namhifadhia Ilham ndoa yake, na labda robo yake ilikuwa kweli. Zilizobaki zote ni mimi nisiyetaka wageni waniite Jenereta na nyumbani kwangu pia.

Zile siku nilizipitisha kwa ujanja. Usiku najilaza nusu, mgongo ukutani, nisikorome, najishtua mwenyewe kila ninapoanza kuzama. Mchana nakunywa kahawa kama mlevi. Kichwa cha asubuhi kikarudi. Sharifa akaniambia macho yamekuwa mekundu, nikasema ni moshi wa jikoni, na mimi jikoni nilikuwa nakwenda kunywa kahawa tu.

Siku ya akdi, kabla ya alasiri, nikapanda juu na mashahidi wawili kumuuliza Ilham ridhaa yake, kama walii wake wa kumuozesha. Yumo ndani ya khanga mpya, hina imeshika vizuri, uso umefunikwa nusu. Nikamuuliza kama ameridhia nimuozeshe kwa Mundhir. Kimya, kama inavyotakiwa, kisha, "Nimeridhia, Ami." Mashahidi wakageuka kuondoka, yeye akanishika mkono wa joho.

"Lakini useme wewe. Usimpe shehe akusemee. Mie ntakuwa dirishani nasikiliza spika, nataka nikusikie wewe, nifanye kama nimemsikia Baba."

Nikamwambia, "Mwanangu, kwani nani mwengine wa kusema?"

Nikateremka ngazi kifua mbele. Kofia ya kushonwa kwa mkono, joho la marehemu babu yetu, udi mpaka kwenye ndevu.

Msikitini tukaswali, watu wakakaa, mimi na Mundhir tukatazamana magoti yakigusana, mkono wangu wa kulia umeshikana na wake, na maiki ikawekwa mbele ya mdomo wangu kabisa, tayari, ili wanawake nyumbani wasikose neno. Shehe akaanza hotuba yake ya ndoa. Hotuba nzuri. Ndefu. Feni inazunguka juu ya kichwa, zulia jipya laini, chetezo cha udi kimewekwa karibu yangu kwa heshima, na sauti ya shehe ni ile ya kumbembelezea mtoto. Nilijifinya paja. Niliuma ulimi. Kitu cha mwisho ninachokikumbuka ni shehe akisema mke anahitaji subira.

Yaliyofuata nimeyapata kwa watu. Wanasema koromo la kwanza lilikuwa dogo, shehe akadhani ni mtambo, akaigonga maiki kwa kidole. La pili likaitikisa spika ya nje. Mzee aliyekuwa akipita na baiskeli alishuka akatazama gurudumu lake. Wenzangu wa ghalani walikuwa wamekaa safu ya nyuma, na mmoja wao hakuweza kujizuia, akasema kwa sauti, "Jenereta limeshawaka!" na msikiti mzima, msikiti, watu wenye ndevu zao, ukaangua kicheko. Nyumbani kwetu nako wanawake wanacheka wameshikana mabega. Ndipo likaja lile la kwangu la siku zote: ngurumo, ngurumo, halafu kimya. Sharifa anasema katika kimya kile Ilham alisimama pale dirishani, hina na khanga na yote, akapiga kelele, "Kakatika pumzi huyo! Mwamsheni! Mwamsheni Ami!" Na hakuna msikitini aliyemsikia, maana spika inasema upande mmoja tu.

Shehe akanigusa bega. "Bwana Nassor."

"Naam!" nikajibu kwenye maiki, kwa sauti ya kazini, na nikaongeza, Mungu anisamehe, "Teremsheni, lori limefika!"

Hapo shehe mwenyewe aliziba mdomo kwa ncha ya kilemba. Kulikuwa na mtu anarekodi kwa simu, na tokea hapo kila kitu kimehifadhiwa. Nami nikatabasamu kama mtu mzima anayejua kuchukua mzaha, nikakohoa, nikamkaza Mundhir mkono, nikaanza. "Mundhir, nimekuozesha binti ya ndugu yangu..."

Jina halikuja.

Sikulisahau. Nataka mlifahamu hilo vizuri kuliko jengine lolote, sikulisahau. Nilikuwa namwona Ilham mbele ya macho yangu, jina lake nalijua kama ninavyolijua langu, lakini ulimi umelala mdomoni kama si wangu. Nikasema, "Il..." Nikasema tena, "Il..." na kilichofuata kilikuwa sauti tu, siwezi kuiandika. Mtu akasema, "Bado yumo ndotoni!" na kicheko kikarudi kikubwa kuliko mwanzo. Nikaona na mimi nicheke nao, yapite. Kwenye ile video mnaniona nikicheka, nusu ya uso tu ndiyo inacheka, nusu ya pili imeteremka, na watu nyuma yangu wamelaliana kwa furaha.

Mundhir ndiye aliyegundua, kwa sababu ya mkono. Akasema taratibu, "Shehe, mkono wa Ami umeregea. Nimeushika mie tu." Kicheko kikafa kuanzia safu ya mbele kurudi nyuma, na huko nyuma walichelewa kidogo, wakabaki wanacheka peke yao.

Kichochoro chetu gari haingii. Wakanilaza kwenye mkokoteni uliokuja na soda za harusi, juu ya barafu iliyosalia, kwa hivyo tulipotokea njiani kanzu yangu ilikuwa imerowa nyuma yote, na nikawaona watu wanaangalia pale paliporowa, wanaangaliana, wananihurumia kwa jambo ambalo sikulifanya. Nilitaka kuwaambia ni barafu. Ilitoka "ba, ba, ba." Mtu akanifunika kwa kikoi.

Na huku nyuma wazee walishaamua kuwa jambo la kheri lisikatishwe. Ndugu yetu mdogo, Suud, alikuwa ameingia na boti ya asubuhi kutoka Dar, akakaa nilipokuwa nimekaa, na mimi nikisukumwa juu ya mawe ya njia, magurudumu yakigonga, spika juu ya kichwa changu ikasema kwa sauti safi, haraka, bila kukwama, "Nimekuozesha binti ya ndugu yangu, Ilham binti Khalfan." Nikalia, nakwambieni kweli. Lilikuwa neno moja tu nililoombwa kulisema.

Vigelegele vilipigwa nyumba za jirani. Kwetu havikupigwa, kwa sababu bibi harusi alikuwa ameshateremka ngazi, jambo lisilofanywa, akatoka mlangoni amejitanda khanga ya Sharifa, akaukamata mkokoteni kwa mikono yake yenye hina, na hakuuachia mpaka barabarani penye gari.

Hospitali wakasema kiharusi, tena kidogo, nimshukuru Mungu. Usiku ulimi ukaanza kurudi neno moja moja. Siku za mbele nikampigia Daktari wa Dar, nikamueleza kila kitu, la kabati na la ufunguo, nikamuuliza kama ni kwa sababu ya zile siku nilizolala bila mashine. 

"Siwezi kukwambia ndiyo, na siwezi kukwambia siyo," akasema. "Mishipa yako imeumia miaka mingi kabla hatujaonana. Ninachokijua ni kuwa ilikuwa imeanza kupata nafuu, na wewe ukaiondolea."

Afadhali angenitukana. Angesema ndiyo, ningejua nimejifanyia mwenyewe nikatubu. Angesema siyo, ningepumzika. Nimeachwa hapo katikati na sidhani kama kuna mtu wa kunitoa.

Nanyi mtataka kujua wale wajomba wa Pemba walisemaje, niliowaficha mashine. Walikuja kunitazama hospitali na mfuko wa machungwa. Sharifa alikuwa ameshaleta mashine, ipo juu ya meza, na mmoja wao akaitazama, akaigeuza geuza, akauliza ni ya nini. Nikamueleza, kwa ulimi wangu wa matope, huku nimefumba macho. Akasema, "Sasa mbona hukusema, bwana? Nna ndugu yangu Wete hivyo hivyo, anakoroma mpaka mkewe kahamia kwa mamaake. Hii inapatikana wapi?" Kisha akaniomba niivae aone inavyokaa. Nikaivaa. Hakucheka.

Mkono wa kulia sasa unashika kikombe lakini kalamu inauponyoka, na ghalani wamenihamishia dirishani kupokea watu. Hakuna anayeniita Jenereta tena. Siku zote nilitaka waache, na sasa wanaponiita Bwana Nassor kwa ile sauti ya hospitali natamani mmoja wao asahau. Video nayo inaendelea na safari zake, imetiwa muziki, juzi kaniletea mtu wa Oman asiyejua kuwa ni mimi.

Mashine naivaa kila ninapolala. Nilikwenda nayo Makunduchi kwenye hitima, nikaomba waya mrefu, nikaichomeka katikati ya wanaume wote nikalala na pua yangu ya tembo, na nimeapa kuwa hakuna mgeni duniani, awe mkwe, awe waziri, atakayenivua tena. Asubuhi naamka mwepesi. Presha imetulia. Nalala vizuri kuliko nilivyowahi kulala maishani mwangu.

Wiki iliyopita Mundhir alinifuata kazini, akasubiri foleni iishe dirishani, akaanza kuzungukazunguka na habari za mvua. Nikamwambia, "Sema, mwanangu."

"Si malalamiko, Ami," akasema. "Lakini Ilham halali. Kila nikipitiwa na usingizi ananitikisa. Nikimuuliza kuna nini, ananambia hakuna kitu, alikuwa anataka kusikia kama napumua."

Nikamuuliza, "Kwani wewe unakoroma?"

Akasema, "Sikoromi, Ami. Nalala kimya kabisa."